Aliyoyasema Baba Zuhura Kisimani

Usiku ule nililala nikiwa nimeshaamua kukifukia kisima cha mume wangu. Lori lilikuwa limemwaga kifusi tangu alasiri, pembeni mwa ua, vipande vya matofali na udongo mwekundu, na fundi alikuwa aje asubuhi. Nilikuwa nimekula, nimeswali, nimegombana kidogo na binti yangu kuhusu chumvi kwenye mchicha, mambo yote kama kawaida. Nayasema haya ili asitokee mtu akasema nililala na homa. Nililala mzima, na akili zangu zote kichwani.

Mume wangu aliitwa Kassim, lakini tangu mtoto wetu azaliwe mimi nilimwita Baba Zuhura, na mtaa mzima hapa Tabora ukamwita hivyo. Alifanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu. Alikuwa mtu mkimya. Mimi maneno ninayo, Mungu alinipa fungu la watu wawili, na nadhani lile la pili lilikuwa lake. Ukimuuliza chakula kikoje, anakula mpaka kinaisha, na hilo ndilo jibu. Wageni walidhani amenuna. Hakuwa amenuna, ndivyo alivyoumbwa, na nilimpenda hivyo hivyo, ingawa zilikuwepo siku nilizotamani kumtikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Palikuwa na mahali pamoja tu alipozungumza, napo ni chini ya kisima.

Kisima alikichimba mwenyewe tulipohamia hapa, akakijenga kwa ringi za zege, yale maduara makubwa yanayopangwa moja juu ya jingine. Kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, alishuka kutoa tope. Kwanza alikuwa anawasha kibatari, anakiteremsha kwa kamba mpaka chini, tunakaa tunakiangalia. Moto ukibaki unawaka, hewa ipo. Kisha anajifunga kamba kiunoni na kushuka yeye, na mimi nabaki juu kuishika kamba hiyo na kuvuta ndoo za tope. Na alikuwa na sheria yake moja ambayo hakukubali ivunjwe: aliye chini lazima aseme muda wote. Alisema hewa ya kisimani inaweza kubadilika ghafla, mtu akalala bila kuaga. "Nikinyamaza, nivute," aliniambia. "Usiulize mara mbili."

Basi yule mtu asiyesema akalazimika kusema. Miaka ya mwanzo alihesabu ndoo tu. Halafu nadhani hesabu zilimchosha, akaanza kunisimulia mambo. Mwaka mmoja akasema kwamba anamkumbuka mama yake kiasi kwamba akisikia mtu anatwanga, anageuka. Jioni ile wakati wa kula mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamtania kuhusu hilo. Alirudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akatoka nje. Siku mbili hakuniangalia usoni. Nikajifunza. Tangu hapo aliyoyasema chini niliyaacha chini, hatukuwahi kukaa tukakubaliana, lakini ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Nilikuwa nikiungoja mwisho wa kiangazi kuliko Idi.

Mwaka wake wa mwisho kushuka, alikuwa ameshatoa ndoo nyingi, anaongea kuhusu paa la jikoni. Katikati ya habari za paa akasema, kwa sauti ile ile, "Mama Zuhura, nikienda haja natoka damu. Huu mwezi wa tatu." Halafu akasema, "Vuta ndoo." Nikavuta ndoo.

Alipopanda alinawa miguu, akanywa chai. Mimi namwangalia yeye, yeye anaangalia kikombe. Nilingoja aliseme huku juu, hata nusu yake, ili niwe na ruhusa ya kuuliza. Hakusema. Nikangoja kesho yake, nikangoja mfungo, nikangoja mvua ziishe. Alipoanguka msalani tukampeleka hospitali, na daktari, kijana mstaarabu tu, akatuambia tumechelewa.

Zuhura wetu ni muuguzi, anafanya kazi Nzega. Siku ya msiba alikuwa anagonga ukuta kwa kiganja, anasema, "Angemwambia mtu mmoja. Mtu mmoja tu!" Na mimi nimekaa kwenye mkeka, nimejifunika, sentensi ile imo kifuani. Miaka minne sasa. Kila anapokuja nyumbani hukosi kumsikia akilirudia, kwamba baba yake alificha, kwamba wanaume wa zamani ndivyo walivyo, na mimi ninaitikia. Mimi mwenye maneno ya watu wawili. Niliogopa, hilo ndilo jina lake. Niliogopa mwanangu asije akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeua.

Ndiyo maana nilikichukia kisima. Hakikusafishwa tena tangu siku ile. Maji yakawa na rangi ya chai ya rangi, ringi mbili za juu zikapasuka, na maji ya kufulia yakawa yanajipenyeza na kurudi ndani. Jirani yangu Mama Sada, ambaye anachota kwetu siku ambazo bomba halitoki, akaniambia kwa adabu kwamba wanawe wanaharisha. Aibu ile ikanifanya nimuite fundi, anaitwa Maganga, mtu mzima, mwembamba, mwenye kioo cha kujitazamia mfukoni. Hakuinamia kisimani kama wanavyofanya wengine. Alisimama mbali kidogo, akalishika jua kwa kile kioo, akalielekeza mle ndani, na mwanga ukateremka ukutani ringi kwa ringi mpaka kwenye maji. Sikuwahi kukiona kisima chetu kikiwa na mwanga vile. Niligeuza uso.

"Mama, hiki kisima kizima," akasema. "Aliyekijenga alijua. Ringi mbili hizi tunazitoa, tunaweka mpya. Viungo vya chini naviziba. Tope linatoka, kokoto mpya inaingia, na hapa juu tunamwaga sakafu ya zege yenye mfereji, maji machafu yasirudi. Mwisho tunaweka dawa, mnakaa siku kadhaa bila kunywa. Basi."

"Sijakuitia hayo," nikamwambia. "Nataka ukifukie."

Alikikunja kile kioo kwenye kitambaa polepole. "Kufukia hakuhitaji fundi, mama. Hata mtu mwenye koleo anaweza."

"Basi njoo na koleo."

Alinitazama, akasema atakuja kesho asubuhi, na kwamba kama nitabadili mawazo atakuwa na vifaa vya yote mawili. Zuhura, aliyekuwa amekuja mapumziko, alisimama mlangoni anasikiliza. "Mama, si kitengenezwe? Hicho ndicho kitu pekee alichotuachia Baba kwa mikono yake." Nikamwambia maji yameharibika. Akasema maji yanatibiwa. Nikamwambia nimeshasema, na ndipo tukahamia kwenye chumvi ya mchicha.

Nikalala. Na kule nilikokwenda kulikuwa na jua.

Nilitoka jikoni na beseni la nguo, nikakuta kamba za kuanikia zimejaa ovaroli zake za buluu, zile za karakana, nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo. Zote zinachuruzika. Upepo hakuna, ila zinachuruzika bila kukauka, na ardhi chini yake kavu. Nikapita katikati yake, vitambaa vinanigusa mashavu, na upande wa pili namkuta yeye. Amekaa kwenye mdomo wa kisima, amenipa mgongo, anafungua kamba iliyojikunja mafundo. Nilimjua kwa shingo. Ilikuwa na ule weusi wa mafuta ya mashine usiotoka kwa sabuni yoyote ile.

Sikuogopa. Nilijua amekufa, na nilijua pia kwamba amekaa vibaya. "Shuka hapo," nikamwambia, "utaanguka, halafu nani atakutoa?"

Hakugeuka. Alinipa ncha ya kamba kwa nyuma, bila kutazama, kama alivyozoea kunipa kikombe kitupu. Nikaipokea. Nilipopiga hatua kumfuata, mguu wangu ukakanyaga sakafu laini, ya baridi, na sasa niko kwenye ukumbi wa hospitali.

Watu wamepangana kwenye mabenchi, na kila mmoja amepakata ndoo pale ambapo angeshika daftari lake la matibabu. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mwisho wa ukumbi, mahali pa meza ya daktari, pana mdomo wa kisima chetu, na ringi zake mbili zilizopasuka nazijua. Zuhura anatoka kwenye mlango wa pembeni na gauni lake jeupe la kazi, ana karatasi mkononi, anaita kwa ile sauti ya wauguzi isiyo na hasira wala huruma.

"Nani ana habari za mgonjwa huyu?"

Watu wanatazamana. Ni mimi, nataka kusema ni mimi, lakini kinywa changu kimejaa maji. Kimejaa mpaka mashavu yamevimba. Nikifungua, yatamwagika juu ya sakafu ile safi mbele za watu wote, na Zuhura ataona rangi yake. Nafumba midomo kwa nguvu. Anaita tena. Anapita mbele yangu, ananitazama kama mtu asiyenifahamu, anaendelea mpaka mwisho wa benchi na kurudi, na kila anapopita mimi naitikia kwa kichwa. Nakumbuka nilivyoona haya. Hata sasa nikikumbuka, uso unanipata moto.

Kisha hakuna ukumbi. Niko chini.

Tope limenifika kwenye magoti, la baridi, na kamba inanibana kiunoni. Pembeni yangu kibatari kinaning'inia, kinawaka vizuri, moto umesimama wima. Hewa ipo. Ukuta wa zege uko karibu kuliko nilivyowahi kufikiri. Miaka yote ile nilikuwa mtu wa juu, sikujua kwamba ukiwa chini, mbingu yote inakuwa kiduara cha ukubwa wa sinia. Na kwenye kiduara kile kuna kichwa chake. Baba Zuhura ndiye ameshika kamba.

Anaitikisa mara moja. "Upo?"

Maji bado yamo kinywani.

Anaitikisa tena. "Upo?"

Ninaijua sheria, aliniwekea mwenyewe: aliye chini akinyamaza, anavutwa, na wala hauulizi mara mbili. Nikajikaza kungoja kuvutwa. Nasema ukweli, nilitaka sana kuvutwa. Nilitaka nitolewe mle, nikaushwe, nipewe chai, na pasiwe na neno. Kamba ikatulia. Ilikaa imetulia muda mrefu.

"Nikikuvuta kimya," akasema kutoka kule juu, "nitakuwa nimevuta maiti."

Nikameza. Yale maji nikayameza yote, yalikuwa na ladha ya sabuni na udongo, nikayasikia yakiteremka mpaka tumboni. Halafu nikasema, na sauti yangu kule chini ilikuwa kubwa, nikaelewa kwa nini mtu mkimya angependa kuzungumza mahali kama pale.

"Nilikusikia," nikasema. "Siku ile. Ulisema unatoka damu, mwezi wa tatu. Nilisikia kila neno nikavuta ndoo."

Kibatari hakikutikisika.

"Najua," akasema. "Ndoo ilisimama katikati. Kisha ikaendelea kupanda."

Miaka minne nilikuwa nikijiambia kwamba pengine alidhani sikusikia. Nilikuwa nimejijengea kibanda kidogo juu ya neno hilo *pengine*, na ndani yake ndimo nilimokuwa nalala. Kumbe alisimama mle kwenye tope, akainua uso, akaiona ndoo inasimama. Nikalia. Kisha nikakasirika, hasira ya kweli, ya mke kwa mumewe, maana hata kufa hakumwondolei mtu makosa yake.

"Kama ulijua, mbona hukusema tena? Ulikaa mezani kwangu miezi tisa unakula wali wangu!"

"Nilikungoja uniulize."

"Na mimi nilikungoja wewe!"

Nilipiga ukuta kwa kiganja. Ule mlio ulikwenda juu ukarudi. Nilifikiri ameondoka, lakini kamba ilikuwa bado ina uzito wa mkono wake. Alipozungumza alizungumza polepole, kama mtu anayefungua nati iliyoshika kutu, na yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia chini ya jua.

"Ile desturi niliianza mimi, kwa ajili ya haya yangu. Ilikuwa desturi mbaya. Usimfukie nayo mtoto."

Nikamuuliza nifanye nini. Alianza kuvuta. Alinivuta kama alivyokuwa akifanya kila kitu, bila papara, mkono baada ya mkono, na mimi nikapanda. Na kila ringi niliyoipita ilikuwa na sauti yake ndani ya zege. Ya kwanza anahesabu ndoo. Inayofuata anazungumza habari za bosi wake wa karakana na anamwiga anavyokohoa. Nyingine anaimba, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwaka mmoja aliimba. Nataka kusimama nisikilize, kamba hainisubiri. Naweka sikio ukutani ninapopita, napata neno hapa, neno pale, na mwanga unaongezeka. Kwenye zile ringi mbili zilizopasuka hapakuwa na sauti. Nilitoa kichwa nje. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimekauka. Kamba yangu ilikuwa imelala chini kwenye mchanga, na hakuna mtu aliyekuwa ameishika.

Niliamka adhana ya alfajiri ikiwa inamalizika. Mashavu yamelowa, na mikono yangu imelikamata shuka kama mtu anayevuta. Zuhura alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda changu na ushungi wake, ananitazama kiuguzi.

"Ulikuwa unalia usingizini," akasema. "Nikupimie presha?"

"Acha presha." Nilijiinua nikakaa. Nilijua kwamba nikinawa uso tu, nikienda tu kuweka chai, nitapata sababu ya kungoja hadi kesho. Kwa hiyo nilianza na lile jepesi. "Fundi akija, akitengeneze kisima. Kile kifusi atakipanga kuzunguka sakafu, ainue pale panapotuama maji. Na kamba atakapokuwa chini nitaishika mimi."

"Alhamdulillahi," akasema, akacheka kidogo. "Umeota nini?"

"Baba yako aliniambia."

"Kwenye ndoto?"

"Hapana. Alipokuwa hai. Aliniambia kwamba anatoka damu, na mimi nilikaa kimya. Yule mtu mmoja unayemtaja kila siku, Zuhura, ni mimi."

Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, akauondoa, akauweka juu ya goti lake mwenyewe. Nilimweleza, yote, ndoo na chai na kungoja, wala sikumficha kwamba nilimwitikia kwa kichwa miaka yote ile. Nilipomaliza nje kulikuwa kumeanza kuwa kweupe na jogoo wa Mama Sada alikuwa anapiga kelele zake.

"Miezi mitatu," akasema. "Tungewahi, Mama."

"Ndiyo."

"Tungewahi kabisa."

"Ndiyo, mwanangu."

Aliinama akalia, mikono usoni, na mimi sikumgusa. Sikumwomba msamaha pia, niliona kwamba kumwomba wakati ule ni kumtwisha mzigo mwingine. Nilikaa tu pale, nikiwa nimeshatapika kile kilichokuwa kikinila, nikiwa tayari kwa lolote, hata kama angechukua mkoba wake akarudi Nzega asubuhi ile. Alijifuta kwa ncha ya ushungi.

"Alikuwa anazungumza huko chini?" akauliza. "Baba?"

"Sana. Kila mwaka, tangu anashuka mpaka anapanda."

"Mimi maneno aliyowahi kuniambia naweza kuyahesabu." Sauti yake ilikuwa bado ina hasira, na hasira ile nilistahili. Lakini alipandisha miguu kitandani, akajifunika upande wa shuka langu, na akaegemea ukuta. "Niambie. Yote aliyoyasema. Usiruke mwaka hata mmoja."

Nikaanza na ule aliozaliwa yeye.